Usiku wa Tarehe Mosi

Mume wangu alipofariki nilirithi vitu vyake vya kawaida, na kimojawapo kilikuwa nafasi yake katika vikao vya klabu ya hoki ya mtoto wetu. Sikuiomba. Alifia kazini mwezi wa kumi na moja, moyo ulisimama tu, na mwezi wa pili nikapigiwa simu kukumbushwa kwamba wazazi wa vijana wa miaka kumi na tano wanakutana Alhamisi. Nikasema nitakuja. Siku zile ukiniambia njoo nakuja, ukiniambia kaa nakaa. Watu waliokuja kunipa pole walisema nimejikaza. Sikuwa nimejikaza, nilikuwa nimekufa ganzi, na mtu aliyekufa ganzi hajikazi wala hajilegezi.

Tulikuwa tunakaa Uswidi, mtaa wa Bredäng, ghorofa ya saba. Mume wangu alitangulia kuja kusomea ufundi wa mitambo, mimi nikamfuata mwishoni mwa miaka ya sitini na mtoto wa miaka saba, aliyekuwa anajua barafu kama kitu cha kutia kwenye sharubati. Baridi ya kwanza walimwagia maji uwanja wa changarawe nyuma ya shule, ukalala maji ukaamka kioo. Mtoto akaazimwa viatu vyenye visu chini, akaanguka wiki nzima, halafu akaacha kuanguka. Aliyepagawa hasa ni baba yake. Kila Jumapili alisimama kwenye ule ukuta wa mbao unaozunguka uwanja, akimwelekeza mwanawe kwa Kiswahili cha Tanga, na wazazi wa Kiswidi wakadhani ni mbinu ya siri. Mimi nilibaki nyumbani na redio. Sikuona maana ya watu wazima kukimbizana na kisahani cheusi cha mpira mgumu kwenye baridi ya kukata masikio, na sikulificha hilo.

Mtoto nilimsemesha Kiswahili, naye akanijibu Kiswidi. Nikisema Kiswidi alinisahihisha. Alinisahihisha hata madukani Skärholmen, mbele ya keshia, kwa sauti ya chini na macho yakiangalia pembeni, kana kwamba nimedondosha kitu cha aibu sakafuni. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kutwa nzima nilikuwa naogesha na kulisha vikongwe wa Kiswidi, nasikiliza habari za vita na za mabwana zao, na hakuna hata mmoja aliyelalamika kwamba hanielewi. Lakini mtoto wa miaka kumi na tano ana sheria zake.

Kikao cha Alhamisi ile kilihusu jambo moja. Kila klabu ilitakiwa kupeleka vijana wawili kwenye majaribio ya timu ya mkoa. Timu hiyo ndiyo ilikuwa mlango. Klabu kubwa zilichukua watu pale, na siku hizo walishaanza kuonekana mabwana wenye makoti mazito kutoka Kanada na Marekani, ambako klabu hukaa chini na kugawana vijana kwa zamu, hata wa ng'ambo, kama watu wanaogawana nyama ya ng'ombe aliye hai bado. Mwanangu hakuwa na habari na Marekani. Yeye alichojua ni kwamba baba yake alisema ataingia timu ya mkoa. Tangu mazishi hakuzungumza lolote la maana isipokuwa hilo. Nafasi ya kwanza ilikuwa na mwenyewe, golikipa, hakuna aliyebisha. Ya pili ilikuwa yake au ya kijana mwingine, mwembamba, aliyezaliwa mwishoni mwa mwaka uleule.

Makocha walikuwa wawili. Mmoja alikuwa mzee, fundi wa mabasi, aliyepoteza meno ya mbele uwanjani ujana wake na hakuona sababu ya kuyarudisha. Wa pili alikuwa kijana bado, mwalimu wa mazoezi ya viungo, mwenye sweta la kufuma na akili nyingi. Tulikaa kwenye kibanda cha kuvalia, penye harufu ya soksi mbichi na kahawa, tukala mikate ya mdalasini huku hao wawili wakibishana jinsi ya kumjua kijana atakayefaa.

Mzee alisema kipimo chake ni kimoja. Kijana akinyang'anywa kile kisahani, mtazame anafanya nini. Wako wanaogeuka kukifuata na wako wanaogeuka kutazama nani ameona. Mwanangu, alisema, hugeuka kukifuata. Mwalimu akasema hilo ni zuri lakini mwili wa miaka kumi na tano ni mwongo. Waliozaliwa Januari wamewatangulia wenzao karibu mwaka mzima wa kula na kulala, basi wanasukuma watu, wanafunga magoli, makocha wanawapenda. Miaka mitatu baadaye wenzao wamewafikia kwa kimo na wao hawana tena cha kuwazidi. Kwa hiyo usitazame kijana alipo, tazama amebakiza nini. Akatumia neno moja tena na tena, kwamba mwanangu ameshakuwa *mogen*.

Neno hilo kwao ni moja, kwetu ni mawili, na tofauti yake ni kubwa. Mkungu wa ndizi hukatwa ukishakomaa. Kuiva ni jambo la baadaye, ndani ya majani, na haliharakishwi kwa kuubonyezabonyeza. Nikakaa na kikombe changu nawaza, huyu bwana anasema mwanangu amekomaa au ameiva? Kukomaa ni sifa. Ukishaiva, kinachofuata ni kuoza. Nilitaka kumuuliza lakini nilihisi uvivu wa kufungua kinywa.

Akanigeukia mwenyewe. Akaniuliza, kwa heshima, baba wa mtoto alikuwa na kimo gani. Watu wakatazama vikombe vyao, maana wote walimjua marehemu. Nikasema alikuwa mfupi kidogo kuliko mimi. Mwalimu akaitikia kwa kichwa taratibu, kama daktari aliyepata jibu alilolitegemea, akasema ndiyo hivyo basi, kijana hana tena pa kukua. Akaongeza kwamba mtu aliyezaliwa Januari mosi, kama mwanangu, ndiye mkubwa kuliko wote wa mwaka wake, nchi nzima, na bado amemzidi yule mwembamba kwa kidogo tu.

Hapo nikasema. Sikuwa na hasira, ila nilichoka kusikia Januari mosi ikitajwa kama ugonjwa.

"Hata hiyo siku moja hakuipata," nikamwambia. "Alizaliwa usiku, saa tatu, watu hawajalala bado. Mwaka wenyewe haujaingia."

Niliona nimemtetea. Mtoto analaumiwa kwa siku, mimi nimempunguzia siku, shauri limekwisha. Lakini mwalimu aliweka kikombe chini akauliza, kwa hiyo ilikuwa tarehe thelathini na moja Desemba? Nikasema kwenu ndiyo, kwetu ilishakuwa tarehe mosi. Ikabidi nieleze. Kwetu pwani jua likishazama siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa kesho yake. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoitangulia Ijumaa, ambao Mswidi anauita Alhamisi jioni. Mume wangu alikwenda kuandikisha mtoto akasema amezaliwa usiku wa tarehe mosi, na karani, mtu wa Tanga kama yeye, akaandika tarehe mosi. Hakuna aliyedanganya. Wala hatukupata kulifikiria tena, ila kila mwaka Waswidi walipolipua fataki usiku wa manane baba mtu alisema wamechelewa, mwanawe ameshazaliwa.

Sasa tazama watu wenye akili wanavyofanya kazi. Mwalimu akasimama. Kama ni Desemba, alisema, basi kijana si mkubwa kuliko wote wa mwaka huu, ni mdogo kuliko wote wa mwaka uliopita. Na kama mdogo kuliko wote wa mwaka uliopita ana mwili ule na mbio zile, basi bado anakua, amebakiza mengi, na yeye binafsi hajawahi kuona kijana wa matumaini zaidi katika klabu hii. Uso wake ulikuwa umechangamka kweli. Halafu akakaa, akasema kwa bahati mbaya timu ya mkoa ni ya waliozaliwa upande huu wa mwaka mpya, kwa hiyo hawezi kupelekwa. Mtoto ni yuleyule, miguu ni ileile, amelala nyumbani hajui lolote, na ndani ya dakika chache amekuwa embe bivu, kisha embe changa, kisha si embe tena. Yule mzee alikuna kidevu akauliza pasipoti inasemaje. Nikasema inasema Januari mosi. Wakaahirisha uamuzi hadi Jumatatu.

Jumamosi nilikwenda Fittja kwa rafiki yangu, mwanamke wa Moshi aliyekuja na kundi la wanafunzi wa uuguzi, mtu wa utani wa kutosha. Nilipomsimulia alicheka mpaka akashika meza. Akasema nyie watu wa Tanga mnazaa leo mnaandika kesho, halafu mnashangaa kuchelewa kila mahali. Nami nikacheka, kwa sababu palikuwa pahali pa kucheka. Nilijisikia nikicheka, kama mtu anayemsikia jirani. Aliniuliza mtoto amepokeaje. Nikamwambia nilimweleza yote, naye akasema "jaha" ya Kiswidi, ile isiyo na maana yoyote, akaenda mazoezini.

Jumapili jioni mzee alipiga simu. Simu yetu ilikuwa ukutani jikoni, na mzee alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusemea ndani ya injini, kwa hiyo mwanangu, aliyekuwa mezani na vitabu vyake, alisikia kila neno. Mzee alisema amelifikiria hili jambo usiku kucha. Mkoa unatazama pasipoti, basi. Hakuna atakayeuliza zaidi, na mwalimu ameshakubali kwamba kijana anastahili. Kilichobaki ni yale niliyosema kikaoni, kwa kuwa yaliandikwa, na watu waliyasikia.

"Ukija kesho useme tu kwamba hukulielewa swali," alisema. "Useme Kiswidi kilikuchanganya. Kila mtu ataelewa."

Alisema kwa upole, na najua alituona kama watu wake. Alimpenda mwanangu, alimpenda na baba yake. Sikuona alichoniomba ni kikubwa. Kusema sijui Kiswidi kungenipunguzia nini? Nilikuwa nimeshasema mambo mengi miezi ile kwa sababu watu walitaka niyaseme, kwamba ni kazi ya Mungu, kwamba namshukuru kila mtu, kwamba nalala vizuri. Hili lingekuwa moja zaidi, na mtoto angepata kitu pekee alichokitaka. Nikamwambia sawa, nitakuja.

Kabla sijamaliza, mkono ukapita begani kwangu ukachukua simu. Nilikuwa sijagundua kwamba amenizidi kimo.

"Mama anajua Kiswidi," alisema, kwa Kiswidi chake kisafi cha Bredäng. "Alielewa swali. Mimi nimezaliwa tarehe thelathini na moja."

Mzee akasema maneno, safari hii kwa sauti ya chini, sikuyapata. Mwanangu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndiyo, anajua maana yake. Akamshukuru kwa kupiga, akaitundika simu, akakusanya vitabu vyake mezani kimoja kimoja na kwenda chumbani kwake. Hakubamiza mlango. Nikabaki nimesimama pale pale jikoni, na baada ya muda nikamsikia analia, akijitahidi nisimsikie. Hakulia hivyo hata siku tuliyomzika baba yake. Nikaenda mpaka mlangoni, nikaweka mkono kwenye kitasa, na nikaumia, nikaumia sana, mpaka ikabidi nikae chini kwenye korido na viatu vyetu.