Ng'ombe Waliokataa Kuhesabiwa

Nilienda Kajiado kwa majivuno. Sababu rasmi ilikuwa kupima kama darasa la tatu la shule moja ndogo nje ya mji lilistahili kubaki na tableti lilizokopeshwa na shirika letu. Wasipofikisha nusu ya alama, nirudi nazo. Lakini mtihani niliutunga mwenyewe, na nilitamani kuona Wamaasai wakinishukuru, maana maswali yote yalikuwa ya ng'ombe. Mimi Mkamba, niliyelelewa na nyanya mwenye mbuzi na jogoo mkali, niliona nimewaelewa kabisa.

Saa kumi na mbili asubuhi niliondoka nyumbani kwangu Noonkopir kwa pikipiki, mtihani ukiwa kwenye kadi ya kumbukumbu mfukoni na sanduku tupu la kurudishia tableti nimelifunga nyuma. Malori ya mawe yalinilisha vumbi kabla sijaonja chai.

Isinya nikasimama kwa chai na mandazi. Mwenye hoteli aliuliza kama nauza kuku. Nikamwambia kwa fahari kwamba nabeba elimu. Akaliinua sanduku kwa kidole.

"Kumbe elimu haina uzito," akasema.

Saa tatu nilipita mji wa Kajiado, nikaiacha lami. Shuleni nilipokewa na Mwalimu Naserian, mwalimu wa darasa lile. "Sopa," nikamsalimia, na Kimaasai changu kikaishia hapo.

"Epa," akaitikia. "Hiyo sanduku ni ya nini?"

"Ni utaratibu tu."

"Lakini kuna watoto hapa wanatoka mbali juu ya hizo tableti. Ukizibeba, wengine hutawaona tena."

Nikamjibu kwamba mashine ndiyo ingeamua. Waoga hupenda sana kusema hivyo.

Saa nne mtihani ukaanza. Swali la kwanza lilikuwa na picha ya kundi: hesabu ng'ombe. Watoto wakaitazama picha, wakanitazama mimi, wakaficha mikono chini ya madawati. Nikasoma swali kwa sauti, kana kwamba shida ilikuwa masikio. Nikaongeza mwanga wa skrini. Baada ya dakika ishirini mashine iliwapa wote sufuri, nami nikalifungua sanduku, ripoti isiyo na huruma ikijiandika kichwani.

Mwalimu Naserian aliitazama picha, akacheka mpaka akakaa chini.

"Umewaambia wahesabu ng'ombe? Kwetu ng'ombe haihesabiwi. Hata watoto hawahesabiwi. Ni kuita mkosi. Hawa wanajua hesabu, wape maharagwe."

"Sasa mchungaji anajuaje kama mmoja amepotea?"

"Uliza wao."

Nikamwonyesha picha Nasieku, msichana wa dawati la mbele. Nikaichukua, nikamfuta ng'ombe mmoja kwenye kundi, nikamrudishia. Hakufikiri hata kidogo.

"Ile ya kahawia haiko. Iko na pembe moja imeanguka."

"Ilikuwa nyuma ya ile nyeupe," mwingine akaongeza.

Mimi niliyemchora sikukumbuka kama nilimpa pembe iliyoanguka. Nikafuta wengine, wakawataja mmoja mmoja kwa rangi na mabaka. Niliona aibu ya kweli. Nilikuwa karibu kuwanyang'anya tableti watoto wanaoona vizuri kuliko mimi, halafu nirudi mjini kuandika kwamba hawaelewi.

Saa sita ng'ombe wa maswali yote walikuwa wamegeuka maharagwe niliyoyachora upesi. Darasa zima likavuka nusu. Nasieku alimaliza mapema, akauliza kwa nini maharagwe yangu yana sura mbaya hivyo.

Nilirudi na sanduku tupu. Isinya nilipita bila kusimama, maana nilijua mwenye hoteli angeuliza kama elimu imepata uzito.

Jioni, nikiwa Noonkopir, nilimpigia mama yangu aliye Machakos kumsimulia maajabu ya Wamaasai. Akanisikiliza hadi mwisho.

"Na nyanya yako," akasema, "ulishawahi kumsikia akisema ako na watoto wangapi?"

Shavu likanikumbusha. Nilikuwa mdogo, nikiwahesabu binamu zangu kwa kidole, na kofi la nyanya lilinifikia kabla sijamaliza. Nilikuwa nimepanda pikipiki hadi Kajiado kwenda kushangaa jambo nililochapiwa nyumbani.

"Haya, hilo darasa liko na watoto wangapi?" mama akauliza.

Kidole kilikuwa kimeshainuka kuhesabu; nikakikunja.

"Kuna Nasieku," nikaanza. "Kuna yule mwenye pengo. Kuna aliyevaa sweta ya dada yake. Na kuna wa dirishani, ambaye sikumwuliza jina."