Nchi ya Jembe na Nchi ya Muo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika miaka ya hamsini, nilikabidhiwa koleo, mfuko wa turubai na ramani ya Unguja iliyokuwa nyeupe karibu yote. Ofisi yetu ya udongo, pale mjini, ilikuwa imechimba mashimo machache tu ya kupimia, na yote yalikuwa kwenye mashamba ya karafuu. Sehemu ya kisiwa iliyobaki tulitakiwa tuikisie.

Kukisia nako ni kazi, msiidharau. Pasipo vipimo unatafuta nchi zinazofanana, unaziweka fungu moja, na lililofaa hapa unalijaribu kule. Bwana Mkaguzi, mkubwa wangu Mwingereza, alizipanga kwa ujirani, kijiji na kijiji mwenzake. Mimi niliangalia zana nyuma ya mlango. Penye udongo wa kina utakuta jembe. Penye maweni, ile nchi ya mawe ya matumbawe, jembe huvunjika. Watu hupanda kwenye mianya kwa muo, mti uliochongwa ncha. Ndiyo maana Matemwe na Makunduchi, ingawa ziko mbalimbali, kwangu zilikuwa fungu moja, la muo.

Ikaja amri kwamba shamba lisilolimwa miaka miwili lihesabiwe limetupwa, apewe mwingine. Kwenye nchi ya jembe sikuwa na neno. Lakini maweni hupumzishwa mpaka kichaka kirudi, ndipo yazae. Nikatumwa Matemwe kuorodhesha mashamba yaliyotupwa.

Bi Mize, mjane asiyekuwa na riziki nyingine, alinionyesha kichaka chake.

"Shamba hili nimelilaza, mwanangu. Mwakani nnalima. Wakinnyang'anya, ntakula nini?"

Nilirudi mjini na karatasi tupu.

"Umepima nini hata ukanipinga?" aliuliza Bwana Mkaguzi.

"Nimeingia nyumba hadi nyumba, bwana. Jembe nimeliona moja, nalo bovu."

"Hicho si kipimo."

"Basi nionyeshe shimo ulilochimba Matemwe."

Hakuwa nalo. Hasira zilimpanda, akanihamishia bohari kuhesabu magunia. Orodha haikuandikwa kamwe, maana hakuna mwingine aliyetaka kukanyaga yale mawe.

Nilistaafu palepale bohari, bila kupandishwa cheo, na uchungu wake niliuonja. Bi Mize alilima mwaka uliofuata. Vijana huniuliza kama sijuti. Kama lile lilikuwa kosa, nipeni karatasi nyingine niirudishe tupu.