Gari Lililonunuliwa kwa Ajili ya Maegesho

Tulipokwenda kupanga nyumba Mchafukoge, dalali alituonyesha maegesho kabla ya kutuonyesha jiko. Alisimama chini ya jengo katikati ya mistari miwili myeupe, akasema hapa ndipo gari letu litakapolala. Hatukuwa na gari. Mume wangu alikuwa na duka la vitambaa Kariakoo, dakika kumi kwa miguu, ishirini akisimama kusalimiana. Mimi nilikuwa karani kwa wakala wa forodha bandarini, nikienda kwa bajaji. Lakini nafasi ile ilikuwa ndani ya kodi, uitumie usiitumie, na mume wangu ni mtu ambaye chai ikija na sukari, ataitia yote hata kama daktari amemkataza. Haukupita muda akanunua gari, ili nafasi isikae bure.

Siku ya kwanza alitoka nalo saa moja na nusu asubuhi. Alizunguka kwa sababu barabara ya kwetu ni ya kwenda tu bila kurudi, akakwama nyuma ya mikokoteni, akafika karibu na duka saa tatu, akakosa pa kuliacha. Akarudi nalo nyumbani, akaliegesha, akaenda dukani kwa miguu. Jioni alinisifia jinsi injini ilivyo kimya.

Tangu siku hiyo gari lilikuwa linaoshwa kila Ijumaa. Alilishukia na ndoo, akaliwasha, akalisikiliza, akalizima. Kuna watu wanafuga mbuzi kwa kazi ndogo kuliko ile, na mbuzi angalau unamla.

Hakuwa peke yake. Jengo lilikuwa na magari mengi kuliko mistari, kwa hiyo yaliegeshwa moja nyuma ya jingine, na sharti lilikuwa kwamba wa nyuma amwachie mlinzi ufunguo. Sharti hilo liliheshimiwa siku za mikutano ya wapangaji tu.

Jumamosi moja, saa nane mchana, jirani yetu wa ghorofa ya tatu alitugongea mlango. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mjamzito wa miezi tisa, na mumewe dereva wa lori alikuwa safarini. Aliushika mlango kwa mikono miwili akasema muda umefika. Sina budi kusema kweli: uso wa mume wangu uling'aa. Hatimaye gari lilikuwa limepata kazi. Alichukua ufunguo akashuka mbio akiwa na kikoi.

Tulimfuata polepole kwa ngazi, maana lifti ilikuwa na tabia zake. Kule chini tukakuta gari letu limezibwa na magari mawili. Mwenye la kwanza alikuja akaliondoa. Mwenye la pili, fundi cherehani wa ghorofa ya tano, alikuwa Kigamboni na ufunguo mfukoni. Alipopigiwa simu alisema yuko kwenye foleni ya pantoni, akishuka tu Magogoni anakuja. Wanaume wakakusanyika. Mmoja akataka lisukumwe, mwingine akasema breki ya mkono imevutwa, wa tatu akapendekeza libebwe. Mwalimu alikuwa ameegemea boneti letu, jasho linamtiririka.

"Shemeji," alimwambia mume wangu kwa upole, "nyinyi endeleeni na kikao. Mimi naenda kuzaa."

Akatoka barabarani, mimi nyuma yake na mfuko wa kanga. Dereva wa bajaji aliuliza kama kiti chake hakitachafuka. Mwalimu alimtazama, naye hakuuliza tena. Alitupitisha katikati ya wachukuzi, akapanda hata pembeni wanapopita waenda kwa miguu, tukafika hospitali, na mtoto wa kike akazaliwa kabla sijamaliza kuandikisha jina la mama. Mume wangu alifika baadaye kwa miguu, kalowa jasho, ufunguo wa gari mkononi.

Miezi michache ikapita. Mwenye jengo, mzee mmoja mpole, alikuwa amenunua kiwanja cha jirani, akatuita tuone ramani ya jengo jipya kwa wanaotaka kuhamia. Ghorofa mbili za chini zilikuwa za magari, kila nyumba na nafasi yake ndani ya kodi. Mwalimu alikuwa ananyonyesha. Alimwamkia mzee, akaitikiwa marahaba, kisha akauliza yeye na mtoto wangekaa wapi. Mzee akamwambia nyumba zilizobaki ni za ghorofa ya nane.

"Kwa hiyo gari likae chini," mwalimu alisema, "na mwenye mtoto apande."

Hapo mume wangu akasimama. Nilijua anakwenda kuyatetea maegesho, nikatazama sakafu.

"Mzee, gari langu nimelipeleka Kariakoo mara moja tu," alisema. "Nipunguzie kodi, nafasi yangu jengea watu."

Shati lake lilikuwa limechanika kwapani, na sijawahi kumwona mzuri kama siku ile. Mikono mingine ikanyooka, wa kwanza ukiwa wa fundi cherehani.

Sidhani kama mzee aliguswa na mtoto. Nadhani aliguswa na wazo kwamba duka hulipa kuliko gari lililolala. Vyovyote vile, ramani ilirudi na maduka chini, nyumba kuanzia ghorofa ya kwanza, na nafasi chache za magari uani kwa atakayetaka kuzilipia. Mwalimu alipata ghorofa ya kwanza.

Gari tulimuuzia mtu wa Mbagala. Betri ilikuwa imekufa, tukalisukuma hadi barabarani, na mume wangu akapangusa macho akisema ni vumbi. Sisi tulipata nyumba juu ya duka la sufuria. Kutwa zinagongwa, naye kutwa analalamika kwamba kwenye maegesho kulikuwa na utulivu.