Fundi Aliyelichukia Neno "Haina Tatizo"

Habari ya kifo cha fundi wangu wa kompyuta ilinikuta nikimsubiri yeye mwenyewe. Alikuwa ameiacha mashine yangu imefunguliwa ubavu, bisibisi juu ya meza, akaniaga kwamba anakwenda nyumbani kupumzika kidogo, atarudi. Simu ikaita, kumbe ni mke wake: "Shemeji, mwenzio ametutoka." Nilikaa. Ninyi wasomaji wangu mnanijua kwa kelele, lakini siku hiyo niliiacha mashine wazi vile vile, nikaenda kwao. Marehemu alikuwa na ugonjwa wa kuja na kuondoka: kifua kubana, kizunguzungu, mara yuko chini, kisha anainuka mzima. Na kila alipofika hospitali alifika akiwa mzima. Walimpima, wakamwambia hana tatizo, naye akarudi nyumbani akicheka. Hilo ndilo linalonitesa mpaka leo, na ili mnielewe lazima niwasimulie alivyokuwa akifanya kazi.

Mafundi wengi hapa Singida mjini ukiwapelekea kompyuta inayozimika-zimika wataiwasha, itafanya kazi vizuri kutwa nzima, kisha watakurudishia: chukua, haina tatizo. Unafika nayo ofisini, inazima. Yeye ukilitamka neno hilo mbele yake alikunja uso kama umemtukana mama yake. "Kama imezima kwa mwenyewe, imezima," alikuwa akisema. "Mimi sijaiona tu." Ndiyo maana hakupenda kuletewa mashine dukani. Aliifuata kule kule inakoishi.

Siku moja nilifuatana naye hadi Sepuka, kwenye ofisi ya kiwanda kidogo cha kukamua alizeti. Kompyuta yao ilikuwa imeshapelekwa mjini na kurudishwa mara kadhaa. Kufika tu, tukaambiwa tatizo wameshaligundua wenyewe: ni mlinzi. Eti mzee wa watu akiingia ofisini, mashine inazima. Wakasema ana mkosi, wengine wakanong'ona makubwa zaidi, na bosi alikuwa ameshaamua kwamba mwezi ukiisha mzee aende kwao. Tulimkuta nje juani, peke yake, hata chai analetewa huko huko. Fundi alimwamkia, "Shikamoo, mzee," akapokea marahaba yake, ndipo akaingia ndani. Hakugusa bisibisi. Alivuta kiti karibu na karani, mwanadada aliyekuwa akiitumia ile mashine.

"Dada, wewe ndiye unayeishi nayo. Nisimulie inavyozima, usiache kitu."

"Jamani fundi, si nimeshasema? Mzee anaingia, anafunga mlango, inazima."

"Wengine hawafungi mlango?"

"Aa, hao wanauacha wazi. Mzee ndiye anayehangaika, vumbi lisituingie."

Basi fundi akainuka, akaufunga ule mlango kwa nguvu, kama mtu anayeshindana na upepo wetu huu. Ukuta ukatikisika, meza iliyougusa ukuta ikatikisika, kompyuta ikazima pu! Kumbe ndani kadi ya memori ilikuwa haijakaa sawasawa. Akaichomoa, akaisugua kwa ufutio wa penseli, akaikandamiza mpaka ikaingia vizuri. Kisha akaubamiza mlango tena na tena, na mashine ikabaki inawaka. Karani alitoka mwenyewe kumwita mzee. Mzee akafika kizingitini akasimama, anaogopa kuingia. Sura yake naiona hata sasa ninapoandika, na sijui kwa nini siku hizi inakuja na sura ya marehemu.

Nimewaza sana tangu tumzike. Pampu ya maji inagoma wiki nzima, mkubwa akija kuikagua inatoa maji, na akina mama wanaambiwa wanapenda kulalamika. Mtoto anasinzia darasani, akiitwa mbele ya mwalimu mkuu yuko macho, basi ni mvivu. Tumekuwa watu wa kuamini kile tu kinachotokea mbele ya mwenye cheo, na anayeishi na shida tunamwona mzushi.

Siku ya kuanua matanga nilikaa na mjane. Alikuwa anachambua mchele, mikono inakwenda yenyewe.

"Shemeji, mimi ndiye niliyekuwa naye kila alipoanguka," aliniambia. "Anainama kufunga kamba za viatu, akiinuka tu, uso unabadilika. Kila mara ni hivyo hivyo. Mara ya mwisho hospitali nikasimama nimfuate ndani kwa daktari. Akaniambia, kaa tu hapo, mama watoto, naingia mara moja natoka."

Mikono ikasimama juu ya ungo.

"Hakuna aliyeniuliza, shemeji. Hata yeye."

Kwa hiyo nawaambia ninyi: mkimsindikiza mgonjwa wenu, msibaki kwenye benchi. Ingieni naye, mseme mlichokiona, hata kama hamkuulizwa, hata kama mgonjwa mwenyewe atawaambia mkae.