Mto Uliokuja Jua Likiwaka

Miaka ya sitini ilikuwa inakaribia kwisha tulipohamia Nairobi kutoka Mombasa, mimi, mume wangu, mama yake na mwanetu mdogo. Mume wangu alipata ukarani katika ofisi moja katikati ya jiji, na nyumba tuliyoimudu ilikuwa upande wa magharibi, ng'ambo ya uwanja wa maonyesho: chumba kimoja katika safu ya vyumba sita vya udongo na mabati, hatua chache kutoka kwenye kijito. Nakiita kijito kwa sababu ndivyo kilivyokuwa. Wanawake walifulia pale, na bata walivuka kwa miguu.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kikikuyu ambaye wapangaji wote walimwita Shosho, yaani nyanya kwa lugha yake. Alizaliwa kwenye mteremko ule ule. Wiki yetu ya kwanza alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akaniuliza, "Mama, maji ikikuja, utatoka na nini?"

Nikamwambia mvua bado.

"Sijauliza mvua. Nimeuliza maji."

Sikuelewa, lakini nilimtii, maana hakuwa mtu wa kubishana naye. Alinifanya nishone mkoba wa turubai, nitie ndani vyeti vya kuzaliwa, cheti cha ndoa, kiberiti kilichofungwa kwenye nailoni, leso mbili, na dawa za mama mkwe wangu. Mkoba ukatundikwa kwenye msumari kando ya mlango. Kila chumba kilikuwa na mkoba wake. Kabla ya mvua za masika alichagua Jumamosi moja, akagonga sufuria kwa mwiko, na sote tukatakiwa kuacha tulichoshika na kupanda mpaka uwanja wa kanisa ulio juu. Aliyerudi kuchukua kitu alikemewa mbele ya watu. Shosho alisimama njiani akituhesabu kama mbuzi wake.

Shida ilikuwa mama mkwe. Kiharusi kilikuwa kimemwacha bila nguvu upande wa kushoto. Shosho alimtazama, akaenda zake, akarudi na kiti cha mikono kilichofungwa miti miwili mirefu.

"Huyu atabebwa na watu wanne," akasema, akatutaja: fundi viatu wa chumba cha pili na mkewe, mwalimu wa madrasa wa chumba cha mwisho, na mimi.

"Mimi si maiti," mama mkwe akasema. "Mbona mnaniundia jeneza?"

Tulimbeba hivyo hivyo. Alijifunika uso kwa buibui njia nzima, na siku mbili hakunisemesha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Aprili, tulikaa siku tatu bila tone la mvua. Siku ya nne, baada ya adhuhuri, jua lilikuwa kali na nguo zilikuwa zimekauka kambani. Kule milima ya Ngong mbingu ilikuwa nyeusi kama masizi, nami nikajiambia ile ni mvua ya wenyewe. Nilikuwa naosha mchele. Shosho alikuwa chini akichuma mboga. Nilimwona akiinama, akachota maji kwa kiganja, akayanusa. Kisha akaja jikoni kwake, hakimbii, akachukua sufuria na mwiko.

Nilitaka kumwambia kuwa jua linawaka. Lakini miguu yangu ilikuwa imeshazoea. Niliangua mkoba, nikamfunga mwanangu mgongoni. Fundi viatu alikuja na misumari bado midomoni. Tulipomweka mama mkwe kitini, mkono wangu ulirudi kwenye beseni la mchele.

"Mwanangu, acha," akaniambia. Safari hii hakujifunika uso.

Tulikuwa nusu ya mteremko sauti ilipoanza. Nilidhani ni ndege ikipita chini chini, kisha nikahisi ardhi ikitetemeka chini ya nyayo. Tuliupandisha ule mteremko bila kuvuta pumzi, tukamtua mama mkwe kwenye majani, tukageuka.

Mimi nimelelewa na bahari. Bahari hujaa taratibu, nawe unapata muda wa kuondoa mkeka wako. Maji yale yalipinda kona yakiwa yamesimama, urefu wa mlango, rangi ya matofali. Mbele yalisukuma matawi na paa la banda, na juu ya paa kuku watano walikuwa wametulia kama wako kwao. Nyuma yake ukaja mkuyu mzima. Haukuwa umelala. Ulikuwa wima, mizizi chini, majani mabichi yakimeremeta juani, ukatupita kama mzee anayekwenda zake asiyetaka kusumbuliwa. Mwalimu alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo sana. Fundi viatu alitoa misumari mdomoni, mmoja mmoja.

Kuta za vyumba vyetu ziliyeyuka kama sukari guru. Mabati yakakaa juu ya maji, yakaondoka kwa pamoja. Muda wote huo vivuli vyetu vilikuwa wazi juu ya majani, na jua lilitupiga shingoni.

Shosho alituhesabu mara mbili. "Kumi na saba. Wote wako." Kisha akaketi. Nilikaa karibu naye.

"Ulijuaje, Shosho?"

"Maji ilikuwa inanuka udongo ya Ngong. Nilikuwa mdogo kama huyu wako," akasema, akimtazama mwanangu. "Maji ilichukua mama yangu. Jua ilikuwa inawaka hivi hivi. Hakuna mtu alikuwa amemwambia."

Mume wangu alifika jioni kwa miguu kutoka mjini, akakuta maji mahali alipoacha mlango. Mtu alimwelekeza kanisani. Aliingia kwenye ukumbi, akatugusa vichwa mmoja baada ya mwingine.

"Keti," mama yake akamwambia. "Sisi tumeshakunywa chai."

Baadaye tulipata nyumba ya mawe upande wa juu. Shosho alihamia shambani kwa mwanawe, papo hapo juu ya mteremko. Mwanawe alitaka kujenga vyumba vingine pale chini, na mafundi wakaja kupima. Shosho aliwatoa. "Hiyo ni ya mto," akawaambia. "Mimi nilikuwa nimeomba tu." Akapanda mabingobingo ya ng'ombe kuanzia ukingoni mpaka katikati ya mteremko, na kila nilipokwenda kumsalimu nilimkuta humo, akikata majani huku akisikiliza.