Benchi nililosahau ndani ya kanisa ya kartoni

Paa ya kanisa yangu imeng'oka leo juu ya pikipiki ya boda, mbele ya kufika Mbarara.

Kanisa ya kartoni, musishtuke. Ni mfano wa ile yetu ya nyumbani Fizi, ile iliungua. Mama mmoja anayekaa sasa Nyamitanga, pale Mbarara, aliyekuwa anasali kule Fizi, njo aliniagiza nimtengenezee.

Ndani nilichonga mimbari, ngoma, mabenchi ya wanaume upande mmoja, ya wanawake upande mwingine. Kisha nikabandika paa na gundi ya kole.

Mke wangu alinicheka: "Hayo yote nani atayaona?"

Basi leo nimefika kwake paa imetoka, mama akachungulia ndani. Mimi nimesimama pale nangoja sifa zangu.

Akaangalia weee. Akauliza: "Na benchi ya bamama benye batoto bachanga? Ile ya karibu na mulango?"

Jamani. Mimi nilikuwa nakaa upande wa wanaume!

"Ile njo fasi nilikuwa nanyonyesha batoto yangu yote," akasema, polepole.

Nimerudi na kanisa yangu kambini Nakivale, mgongo unauma. Sasa ninachonga kabenchi kadogo. Hakuna mtu atakaona, najua.

Wenye mlikuwa mnakaa upande wa wanawake, kama kuna kingine nilisahau, semeni sasa, mbele nifunge paa.