Shingo ya Mrina Asali

Mrina asali wa kijiji chetu hana haraka hata akiitwa kula. Mikono yake huisogeza polepole kama mtu aliyezungukwa na nyuki, hata anapofunga kifungo cha shati, na kabla ya kupanda mti huuegemezea shavu kwanza, ndipo apande. Hapa Usinge, tangu tuhamishiwe kijiji cha ujamaa, miti ya kupanda inamwishia. Msitu tuliufyeka tukalima tumbaku, na magogo yakawa kuni za mabani ya kuikaushia. Yeye bado hupita asubuhi katikati ya shamba letu, ndoo ya kutilia asali mkononi, akifuata njia ileile ya mizinga yake. Juzi, mahali palipokuwa na mti wa mtundu wenye tawi la kumgonga mtu kichwa, aliinama. Juu yake hapakuwa na kitu ila jua. Tukaacha majembe, tukacheka mpaka mwenzetu Apolinaria akakaa chini.

"Shikamoo baba," akasema Apolinaria, "unamwinamia nani?"

"Marahaba." Alijipapasa kisogo taratibu. "Mtundu ule niliukata mwenyewe, mwanangu, zamu yangu ya kuni ilipofika. Macho yanajua. Shingo ndiyo naona aibu kuiambia."

Akaenda zake. Hakuna aliyecheka tena, maana kila mmoja wetu alikuwa na zamu yake ya kukata. Jioni akarudi, ndoo tupu, akainama palepale. Sisi tulikuwa tumeinama kabla yake, tukipalilia mahali tulipokwisha kupalilia.